MJADALA: Programu ziruhusiwe kuandika diski moja kwa moja, bila kupitia mfumo wa faili (sehemu ya mfumo endeshi inayopanga faili kwenye diski)?

Fundi_Bombe: Natengeneza hifadhidata. Data naiweka kwenye kache yangu (akiba ya muda kwenye kumbukumbu), keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, nayo inaiweka kwenye ya kwake, kumbukumbu inaliwa mara mbili. Tangu Windows Vista, hata msimamizi anazuiwa kuandika sekta (vipande vidogo) za diski ambayo mfumo wake wa faili unatumika. Tunachungwa kama watoto! Na wanaopiga kelele za usalama humu, wengi hawajawahi kuandika hata sekta moja.

Mama_Keneli: Hatujawahi? Kijana, sisi tuliandika sekta kwa int 13h, huduma ya diski ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta), enzi za mfumo endeshi wa DOS; FAT, jedwali la mahali faili zilipo, ikiharibika tunaitengeneza kwa mkono. Punguza mdomo.

Bafa: Shikamoo mama. Ila si uhuru huohuo wa DOS uliotuletea kirusi cha CIH? Mwaka 1999 kama sikosei.

Mama_Keneli: Marahaba. Kilionekana 1998, kikalipuka 26 Aprili 1999. Kilijaza sifuri mwanzoni mwa diski, na mashine nyingine kikaharibu BIOS. DOS haihusiki, hiyo ilikuwa Windows 95 na 98. Windows NT ilipona, maana iliwachunga hao "watoto".

Fundi_Bombe: Nani kataja virusi? Hifadhidata ya Oracle ilitumia diski ghafi, zisizo na mfumo wa faili, miaka na miaka.

Sekta4096: Na Linux ikafuta kiendeshi cha raw (cha hizo diski ghafi) kwenye toleo 5.14. Tumia O_DIRECT, njia ya kufungua faili ukaruka kache ya keneli, panga bafa yako (eneo la kumbukumbu la kushikia data) kwa baiti 512 au 4096, tuishie hapo.

Fundi_Bombe: O_DIRECT ambayo Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, anaiponda?

Sekta4096: Anaponda muundo wake, lakini ipo na inafanya kazi. Halafu "moja kwa moja" ipi kwenye SSD (diski ya chipu, isiyozunguka)? Kidhibiti chake kinahamisha data kitakavyo, namba ya sekta unayoipa ni anwani ya kufikirika tu.

Bafa: Hapo kakukamata 😂

Fundi_Bombe: Hajanikamata. Kache mbili kazijibu, ila zuio la Windows bado. Mama ndiye kaanza kuniita kijana.

Mama_Keneli: Wewe ndiye uliyesema hatujaandika sekta. Haya, int 13h ya zamani ilikomea diski ya ukubwa gani?

Fundi_Bombe: Megabaiti 504, kila mtu anajua.

Mama_Keneli: Hiyo ni BIOS ilipokutana na mipaka ya IDE, kiunganishi cha diski. Int 13h peke yake ni silinda (miduara ya diski) 1024, sekta 63 za baiti 512, vichwa vya kusomea 256. Piga hesabu.

Bafa: Inakaribia gigabaiti 8. Vichwa si 255 lakini?

Mama_Keneli: 255 ni kwa sababu ya DOS. Anzisha mada nyingine, nitakueleza.