Ajira za serikali Marekani: wa kupishwa mbele ni veterani au mkewe?

Kijana wa Makorora (mwenye mada)

Wakuu, salaam kutoka Killeen, Texas, mji ambao ukiiondoa kambi ya Fort Hood sijui utabaki na nini.

Jumamosi tulikuwa kwenye arobaini ya mtoto, pilau halijapoa tukawa tumeshagawanyika. Jamaa mmoja Mkenya, mhandisi, ana shahada ya pili, kaomba kazi serikali kuu mara nne. Anasema mara zote wamepita maveterani, na kwamba hiyo ni dhuluma iliyovishwa bendera. Kayasema hayo mbele ya watu ambao nusu yao wamevaa magwanda. Moto uliowaka hapo mnaujua.

Kwa msiofuatilia: sheria yenyewe ya kuwapa kipaumbele maveterani, yaani waliowahi kutumikia jeshi, ni ya 1944, enzi za Roosevelt, vita bado vinaendelea. Aliyetumikia jeshi aliongezewa pointi 5 kwenye alama za mtihani, aliyeumia kazini 10. Tangu 2010 mashirika mengi yanapanga waombaji kwa makundi ya ubora badala ya kuhesabu pointi, na ndani ya kila kundi veterani anakaa mbele ya asiyetumikia jeshi. Mwenye ulemavu wa asilimia 10 au zaidi anapandishwa mpaka kundi la juu kabisa, isipokuwa kwenye kazi za kitaalamu na za kisayansi kuanzia GS-9, yaani daraja la tisa la mishahara ya serikali kuu. Wala si kila aliyevaa buti anahesabika. Aliyeingia baada ya Agosti 2010, hana medali ya kampeni ya kivita wala ulemavu, hana hata pointi moja. Aliyestaafu akiwa meja au zaidi naye hapati, labda awe na ulemavu.

Sasa msimamo wangu, na najua wenzangu wa jeshini wataninunia. Mimi nilitumika miaka 6. Nilipotoka nikaajiriwa kwa ule mlango wa VRA, ambao unamruhusu bosi kumchukua veterani bila ushindani mpaka daraja la GS-11. Nashukuru. Lakini nilipokuwa jeshini nililipwa mshahara, nilipewa nyumba na bima, na nilipotoka nikasomeshwa chuo. Mke wangu alipata nini? Huyu ni mhasibu, kaja kutoka Tanga na cheti chake mkononi. Tulianzia Kansas, tukapelekwa Hawaii, tukaletwa hapa. Kila akipata kazi na kuizoea, mimi naletewa karatasi ya uhamisho.

Kuna amri ya Rais Bush ya Septemba 2008, namba 13473, inayoruhusu mke au mume wa mwanajeshi kuajiriwa serikalini bila ushindani. Tukashangilia. Tukaja kugundua kazi nyingi za serikali kuu zinataka uraia, hiyo tangu amri ya Rais Ford ya 1976, naye alikuwa na grinikadi tu. Tukasubiri. Akaapishwa uraia miezi miwili baada ya mimi kutoka jeshini. Na amri ile inamhusu mwenza wa mwanajeshi aliye kazini, wa aliyefia kazini, au wa veterani mwenye ulemavu wa asilimia 100. Siku niliyovua magwanda ndiyo siku na yeye alivuliwa haki yake. Ile aliyokuwa hajaitumia hata mara moja.

Kwa hiyo nasema hivi: upendeleo wa veterani utumike mara moja tu, akishapata kazi basi, apange foleni kama wengine. Na nafasi ya mbele apewe mwenza, hata miaka mitano baada ya mwanajeshi kutoka. Nipingeni.

Fundi Mita

Mimi ndiye yule mhandisi wa Jumamosi, nimeona nijitokeze kabla sijasemwa zaidi.

Ndugu, unahamisha dhuluma kutoka kiti hiki kwenda kile. Mlipa kodi anataka daraja lijengwe na anayejua kujenga daraja. Soma kesi ya Helen Feeney wa Massachusetts. Mama huyu aliajiriwa na serikali ya jimbo 1963. Mwaka 1971 aliomba kazi kwenye bodi ya madaktari wa meno, akashika alama ya pili kwenye mtihani. Alipopangwa kwenye orodha akawa wa sita, nyuma ya wanaume watano, wote maveterani. Mwaka 1973 tena, akawekwa nyuma ya maveterani 12, na 11 kati yao aliwashinda alama. Alifika Mahakama ya Juu ya nchi, 1979, akashindwa kwa majaji 7 dhidi ya 2. Walikiri kwamba sheria ile inawaumiza wanawake, kwa kuwa maveterani wa jimbo lile walikuwa karibu wote wanaume, ila wakasema haikutungwa kwa nia ya kuwaumiza.

Ile ilikuwa sheria ya jimbo, na kali kuliko ya serikali kuu, najua. Lakini mantiki ni ileile. Maveterani hawafiki hata mtu mmoja kati ya kumi wa watu wazima nchi hii, huku kwenye ajira za serikali kuu ni karibu watatu kati ya kumi. Sisi tuliokuja kwa viza ya masomo tukasota mpaka uraia, tumekosea wapi?

Sajini Mstaafu

Fundi Mita, hujakosea popote. Ila wakati unasota maktaba kuna mtu alikuwa vitani Kandahar, Afghanistan. Nchi haiwezi kumwambia kijana wa miaka 19 "nenda" halafu akirudi na goti bovu imwambie apange foleni na waliobaki. Unasema daraja lijengwe na anayejua: sheria hiyohiyo inamtaka veterani awe na sifa za kazi kwanza. Asiye na sifa hafiki hata kwenye orodha.

Na wewe wa Makorora, mara moja tu? Wengi tunaanza GS-5 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Unataka tufie hapo?

Halafu ukumbushwe: kwenye kupanda cheo kwa ushindani wa ndani hizo pointi hazitumiki. Sheria ya 1998 inatupa ruhusa ya kuomba zile nafasi za ndani, basi. Ukishaingia uwanjani unacheza kama wengine.

Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Naona wanaume watatu mnagawana haki yangu, mniruhusu na mimi niseme.

Mume wangu yuko kazini, mwaka wa 11. Mimi raia, karatasi zote ninazo: cheti cha ndoa, amri ya uhamisho, kila kitu. Kaka wa Makorora, hiyo "bila ushindani" watu wanaielewa vibaya. Inamruhusu bosi kukuchukua bila kukushindanisha. Haimlazimishi. Unaweza kuwa na haki hiyo, ukaomba kazi thelathini USAJOBS, ile tovuti ya ajira za serikali kuu, na usipigiwe simu hata moja. Mara mbili nilifika usaili. Ofisi moja, siitaji, bosi aliangalia anwani yangu ya kambini akauliza kwa tabasamu, "Mumeo amebakiza muda gani hapa?" Nikajua kazi imekwenda. Hakuna kipengele cha sheria kinachofuta hesabu aliyokuwa anaipiga kichwani: miezi 8 kumfundisha, miezi 14 anaondoka, naanza upya.

Kwa hiyo kunisogeza mstari wa mbele hakunisaidii, kaka. Mbele ya mstari nimeshawahi kusimama. Ninachotaka ni kazi inayobebeka kwenye sanduku. Nilipata moja hatimaye, ya kuchakata madai ya bima, nafanya kwa kompyuta kutoka nyumbani. Tumehama nayo mara moja. Mwaka 2025 amri ya kila mtu arudi ofisini ilipotoka nililia usiku kucha, mpaka tulipoambiwa wenza wa wanajeshi tumeachwa nje ya amri hiyo. Lakini kazi mpya za aina hii ndiyo kama zimekauka.

Na wale waliokuwa kwenye kipindi cha majaribio Februari ile wakaachishwa kwa barua pepe, walikuwemo maveterani na wake za wanajeshi. Upendeleo wa mlangoni haukuwafaa ndani.

Mgogo wa Nzuguni

Nawasoma kutoka Dodoma. Kwetu hakuna pointi, kuna JKT. Kijana anajitolea, analima, anajenga, akitegemea majeshi yatamchukua. Wengi hawachukuliwi. Aprili 2021 vijana 854 waliondolewa JKT baada ya kugoma kudai waajiriwe jeshini. Huko kwenu angalau kuna karatasi mtu anaweza kwenda nayo mahakamani. Kwetu ilikuwa matumaini tu. Mbishane taratibu.

Fundi Mita

Mama Wawili, kwako sina ubishi. Wewe hujaomba kupita mbele yangu, umeomba kazi isiyojali unaishi wapi. Hiyo hata mimi naiunga mkono, na isiishie kwa wake za wanajeshi.

Sajini, goti bovu nalielewa, asilimia 10 na kuendelea, apite. Shida yangu ni yule mzima wa afya aliyekaa miaka mitatu kwenye ghala la vipuri. Huyo deni lake ni kubwa kuliko la muuguzi wa wodi ya Covid?

Sajini Mstaafu

Muuguzi anaweza kuacha kazi Ijumaa. Sisi ukiondoka bila ruhusa ni jela. Tofauti ni hiyo, na ndiyo inayolipwa.

Kijana wa Makorora

Nimesoma yote. Hoja ya GS-5 imenibana, Sajini, hapo "mara moja tu" naiondoa. Mama Wawili umenibana zaidi: mimi nilikuwa napigania nafasi kwenye foleni, kumbe tatizo ni kwamba duka lenyewe unalihama. Ila la miaka mitano baada ya kutoka nabaki nalo. Mtu hawezi kupoteza kazi moja baada ya nyingine kwa amri ya jeshi, halafu jeshi liseme halimjui kwa sababu mumewe amerudisha buti.

Mama Wawili

Swali moja tu, kaka. Ile nafasi ya VRA uliyopata, ingekuwa inawezekana kumpisha wifi yangu badala yako, ungempisha?

Kijana wa Makorora

Sheria hairuhusu.

Wifi yako amesimama nyuma ya kiti changu anasoma. Anasema hilo si jibu.