Vilengelenge huko chini na mimi niko na mtu mmoja tu, nisaidieni

NyotaKondele: Hamjambo wadau. Niko na miaka 22, niko Kisumu. Ijumaa niliamka na vilengelenge vitatu huko chini, kukojoa ni kama nimemwagiwa pilipili na kinena kimevimba. Nikaenda kliniki fulani, daktari akaangalia mara moja akasema ni herpesi, akaniandikia acyclovir ya siku saba. Swali langu ni moja tu, inaweza toka kwa choo cha ploti? Tunatumia watu nane na kuna jirani simwamini. Mimi niko na mtu mmoja.

OmenaKavu: Choo cha ploti kimesingiziwa mengi Kenya hii. Siku kitaongea kitatafuta wakili.

MamaWawili: Wasichana wa siku hizi mnapenda vya haraka. Shemeji yangu alikuwa na mzee wa lori, akanunuliwa friji, siku moja mke mwenyewe akaja na mkokoteni akaibeba na mbuta wangu wawili ndani, mpaka leo sijalipwa.

NesiWaUsiku: Choo toa kwa hesabu, hii hupita ngozi kwa ngozi. Huyo mtu mmoja ana miaka mingapi, na yeye ana watu wangapi?

NyotaKondele: Umri wake unahusiana aje na vidonda vyangu?

NesiWaUsiku: Sana. Kirusi kikishaingia hakitoki, kwa hivyo mwanaume mkubwa amepitia miaka mingi ya kukiokota. Na sisi wanawake tunakipata rahisi kuliko wao. Ile KAIS ya 2007, ule upimaji wa nchi nzima, ilikuta karibu wanawake 42 kwa kila 100 wanacho, wanaume 26.

NyotaKondele: Sawa. Ako na 41. Ana mke Busia lakini walitengana, ameniambia mwenyewe. Kondomu tuliacha nilipoweka kijiti Machi, mimi niliogopa mimba tu. Na hana kidonda, nimemwangalia na tochi ya simu. Ananilipia nyumba na tarehe moja nahamia kwake, sofa nishaagiza, so msianze kunihukumu.

OmenaKavu: Tochi ya simu 😂😂 daktari bingwa

NesiWaUsiku: Wengi walio nacho hawaoni kidonda hata siku moja na bado wanaambukiza. Pia inaweza kuwa ya mtu wa zamani, hulala kimya miaka, kwa hivyo usimrukie kwa ngumi. Lakini pima ukimwi, herpesi huongeza hatari yake karibu mara tatu, na uulize kuhusu PrEP, dawa ya kujikinga na ukimwi. Kondomu irudi, haizibi yote ila inapunguza. Vidonda vikiwepo, hakuna kulala na yeye kabisa.

BabaKasuku: Ngojeni kwanza. Akaunti hii mwezi jana iliuliza kuku wa kienyeji wanafugwaje Njoro na ilikuwa mwanaume wa miaka 35 mwenye matatizo na mbwa. Hii ni hekaya, mnadanganywa.

MamaWawili: Kumbe! Na mimi nimemwombea.

NyotaKondele: Akaunti ni ya kaka yangu, aliniachia simu yake ya zamani, sikujua kubadilisha.

BabaKasuku: Na kaka bado anaingia humu?

NyotaKondele: Admini futeni uzi tafadhali

NesiWaUsiku: Kabla haujafutwa, hizo dawa ulianza? Zinafaa zaidi ukianza mapema.

NyotaKondele: Bado. Alisema nimsubiri tuongee kwanza. Ako Busia, anarudi Jumapili.