Buti za kutembelea porini na kuwindia: tupeane uzoefu

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Jambo wandugu. Mjomba wangu wa Lubumbashi ana kibali cha kuwinda, na mwezi wa saba ameniita nitembee naye porini siku nne, kutafuta kanga. Miguu yangu inajua Goma tu, na Goma imeiumiza vya kutosha.

Mwaka jana nilinunua buti kwa macho: ngozi inang'aa, soli imebandikwa kwa gundi. Sasa sisi huku tunakanyaga mawe ya volkano, yale ya Januari 2002 yaliyopita katikati ya mji mpaka ziwani, na ya Mei 2021 yaliyoishia upande wa Buhene. Jiwe lile lina meno. Mwezi wa tatu soli ilikuwa imefungua mdomo. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanda nazo Nyiragongo kutoka Kibati, na kule juu ni mita 3,470. Kupanda hakukunisumbua. Kushuka, mvua ikiwa imetunyeshea, vidole viligonga mbele kila hatua, na wiki mbili baadaye kucha zote mbili za vidole gumba ziling'oka.

Naomba kila mtu aeleze buti zilizomfaa au zilizomtesa, na alizivalia wapi. Maneno ya muuza duka nimekwisha kuyasikia.

Fundi wa Birere (Goma)
Ndugu wa Himbi, kucha zako zilikufa kwa sababu ulipima asubuhi, tena umekaa kwenye kiti. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Nenda jioni, vaa soksi zile zile utakazotembelea, simama, kisha sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele kabla hujafunga kamba. Nyuma ya kisigino kidole chako kimoja cha mkono kiingie. Ukifunga kamba, kisigino kisipande unapotembea. Kama duka lina ngazi, shuka ngazi. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Mimi ni kordonie, mkate wangu unatoka kwenye soli za watu, kwa hiyo nitasema na la pili. Geuza buti, tazama ukingo. Ukiona uzi unaozunguka na kushika soli na ngozi kweli kweli, hiyo ikichakaa naweza kuifungua na kuiwekea soli nyingine. Ya gundi tupu naishonea pembeni kwa uzi wa nailoni siku ile ile imenunuliwa, kabla mawe hayajaanza kazi. Angalia pia usidanganywe: viwanda vingine vinachora alama za uzi kwenye mpira na hakuna uzi wowote ndani.

Halafu buti za mitumba. Kuna soli nyepesi za poliyurethani ambazo unyevu wa hewa huzila polepole hata kama buti imelala kabatini haijavaliwa. Mteja wangu mmoja alifurahi sana kupata buti mpya kabisa za mtumba. Alitoka nazo Birere, hakufika uwanja wa ndege: soli zote mbili zilimeguka kama mkate uliokauka. Bonyeza kwa ukucha na ukunje soli. Ikitoa unga au nyufa ndogo ndogo, rudisha.

Mama wa Kadutu (Bukavu)
Aksanti fundi. Mimi natembea vilima vya Kabare kufuata watoto wa chanjo. Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa mpaka wa tano, na udongo ule mwekundu unashika mguu kama gundi halafu unakuachia ghafla uteleze. Huko buti ya ngozi inalemea. Navaa bote za mpira, zenye meno marefu yaliyoachana, maana meno yakikaribiana udongo unajaa na unabaki umevaa sahani.

Lakini bote haipumui. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa navaa tangu alfajiri mpaka usiku, ngozi ikawa nyeupe, ikachanika katikati ya vidole, nikakaa nyumbani siku tisa. Sasa nabeba soksi kavu mbili kwenye mfuko wa plastiki. Saa sita navua, napangusa miguu, naikalisha juani kidogo, nabadilisha.

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Mama, soksi za pamba au za sufu?

Mama wa Kadutu (Bukavu)
Sufu, mwanangu. Hata ikilowa inatunza joto. Pamba ikilowa ni kitambaa cha kudekia. Na usikaushe buti karibu na mbabula, lile jiko la makaa! Ngozi inakuwa ngumu, inapasuka, na gundi inaachia. Jaza magazeti ndani, badilisha yakilowa, weka penye upepo.

Motari wa Katindo (Goma)
Usinunue za kijeshi, hata ziwe imara namna gani. Nilizivaa siku moja tu. Kwenye kizuizi cha askari nilikalishwa chini kwa muda wa saa tatu naeleza kwamba mimi ni raia.

Muwindaji wa Kamalondo (Lubumbashi)
Karibu kwetu, mdogo wangu. Mwezi wa saba hutaona mvua, kwa hiyo bote za mama ziache Bukavu. Shida yako itakuwa baridi ya alfajiri, inashuka chini ya nyuzi 10, na umande: majani marefu yatakulowesha mpaka magotini kabla jua halijatoka. Saa nne kila kitu kimekauka na mguu unachemka. Ngozi iliyopakwa nta inavumilia yote mawili.

Mimi nilianza na buti za kazi za mgodini, zenye chuma mbele. Nilidhani nimepata. Chuma kilibeba baridi yote ya asubuhi, na uzito ule kwa kilomita kumi na tano ulinimaliza mapaja. Tena soli yake ngumu ilivunja kila jani kavu. Kanga walikuwa wananisikia kabla sijawaona. Sasa navaa soli inayokunjika penye vidole, lakini si nyembamba, maana majani yakishaungua vinabaki visiki vyenye ncha vinavyotoboa.

Shingo ya buti ipite kifundo. Bafe, nyoka yule mnene mwenye sumu, analala njiani bila kusogea, na akigongwa anauma chini chini, mguuni.

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Nimepata za ngozi, kahawia, shingo ndefu, nimepima saa kumi na moja jioni. Fundi, kesho nakuletea uzishone. Yaya wa Kamalondo, nizizoeshe siku ngapi?

Muwindaji wa Kamalondo (Lubumbashi)
Anza leo. Wiki ya kwanza vaa nyumbani na sokoni. Ya pili panda Mont Goma, ukiwa na mzigo mgongoni, ushuke taratibu. Palipoanza kuwaka moto kisigino, simama hapo hapo ubandike plasta, usingoje lengelenge. Ukiona bado panawaka baada ya mara tatu, mwambie fundi apanue pale kabla hujakata tiketi.

Fundi wa Birere (Goma)
Zilete asubuhi, na hizo soksi pia.