Mumbai kwenda Delhi na mgonjwa: ndege au treni ya usiku?

mjukuu_wa_Pangani: Wadau habari zenu. Namsindikiza babu kwa matibabu India, ndege kutoka Dar inatushusha Mumbai ila hospitali iko Delhi. Nimecheki kwa anga ni kama kilomita 1,150 tu lakini tiketi imeandikwa masaa 2 na dakika 15, mbona mengi hivyo? Halafu kuna jamaa kanishauri treni ya usiku ya Rajdhani eti nafuu na unalala humo humo. Mlioko huko nisaidieni.

kaka_Pune: Angani kwenyewe hata masaa mawili hayafiki mkuu. Uwanja wa Mumbai una njia mbili za kurukia ila zinakatana, kwa hiyo zinatumika moja moja, mnakaa kwenye foleni injini zinawaka na zile zinazokuja kutua saa nyingine zinazungushwa juu kwanza. Ratiba imeshahesabu hayo yote.

mama_mizigo: Achaneni na masaa, angalia kilo! Ndege za ndani India ikonomi nyingi ni kilo 15, na nyie mnatoka Bongo na mabegi ya 23 kila mtu, ukikata tiketi mbili tofauti utalipishwa pale kaunta mpaka ushangae. Kata moja mpaka Delhi. Ila hata hivyo mara nyingi unachukua mzigo Mumbai unapita nao forodha ndo unaukabidhi upya, na kama ndege ya Delhi inaondokea T1 (terminal 1, jengo la abiria) ujue T2 mnayoshukia siyo jirani, ni kupanda gari. Acha masaa manne matano hapo katikati.

dogo_reli: Mi Rajdhani naipenda jamani, inatoka stesheni ya Mumbai Central saa 11 jioni, saa 2 na nusu asubuhi uko New Delhi, shuka na blanketi unapewa, chai na msosi vinakufuata kitandani. Reli karibu kilomita 1,400 na huzisikii.

mama_mizigo: @dogo_reli wewe una miaka 22, babu wa watu akipangiwa kitanda cha juu nani atampandisha 😂 na Mumbai Central yenyewe iko kusini huko, utoke uwanjani na foleni ya jioni

dogo_reli: Haya hilo nakubali, kwa mgonjwa ndege. Akishapona mrudi na treni.

mjukuu_wa_Pangani: Nimewaelewa. Tunasafiri mwanzoni mwa Januari, kuna shida?

kaka_Pune: Ipo. Desemba na Januari Delhi ina ukungu mbaya alfajiri, ndege zinacheleweshwa au zinapelekwa kutua mji mwingine, treni nazo hazisalimiki. Chukua ya mchana. Na India wako mbele yetu masaa mawili NA NUSU, watu wanaisahau hiyo nusu wakipiga hesabu ya kuunganisha.

mama_mizigo: Wilicheya omba siku unayokata tiketi, usisubiri kaunta. Dawa na makaratasi ya hospitali viwe begi la mkononi.