Naomba ushauri: shokapu na springi za Land Cruiser ya safari

Wakuu, habari za kazi. Nina Land Cruiser HZJ79, injini ya 1HZ, iliyorefushwa bodi hapa Arusha kwa ajili ya kubeba watalii. Njia yetu kubwa ni Ngorongoro kwenda Serengeti kupitia geti la Naabi, na mnaoijua ile barabara mnajua vile vijituta vya mfululizo vinavyoitikisa gari mpaka nati zinalegea.

Shokapu za nyuma zinavuja mafuta, zimeloa mpaka chini, na springi za majani zimelala kabisa. Gari likipakia wageni saba, mizigo, friji na tairi mbili za akiba, mkia unakaa chini na bushi (zile raba za kwenye maungio) zinaisha mapema.

Naelewa Old Man Emu, wale watengenezaji wa shokapu na springi, wanauza springi kulingana na uzito ambao gari linabeba muda wote, ila bodi ikirefushwa uzito si ule wa kiwandani tena. Je, mnapima kwanza gari likiwa limejaa kwenye mizani, au fundi anaongeza jani tu? Binafsi kuongeza jani sikupendi, gari linakuwa gumu na mgeni anaumia mgongo.

Pia, nichukue Nairobi au niagize Dubai? Na shokapu feki mnazitambuaje kabla ya kulipa? Dukani boksi na stika zote zinafanana.

Msimu wa Juni unakaribia, nataka gari liwe tayari. Mwenye uzoefu anisaidie, hata bei za makadirio zitanisaidia sana.