Kwa nini nyama nyekundu hufungwa pamoja na oksijeni?

Swali: Karanga hufungwa ndani ya naitrojeni ili oksijeni isiharibu mafuta yake, mbona basi nyama mbichi nyekundu hufungwa pamoja na oksijeni nyingi?

Jibu: Ni kwa ajili ya rangi. Mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu, hung'aa inaposhikana na oksijeni, ndiyo maana pakiti nyingi hutiwa oksijeni ya asilimia 70 hadi 80, na inayobaki huwa kabonidioksidi, ambayo huyeyuka katika unyevu wa nyama na kudumaza bakteria.

Jibu: Naomba kuongeza kwamba wekundu huo usimhadae mnunuzi, kwani oksijeni hiyohiyo huharakisha kuchacha kwa mafuta.

Muulizaji: Nashukuru sana, ndugu zangu. Kumbe ndiyo sababu pakiti nyingine hubonyea kidogo: gesi imeingia nyamani!