GPS inaruka Goma: kipokezi kimekufa ao ni mawimbi ya vita?

mpimaji_himbi (Goma)
Wandugu mafundi, salamu. Kazi ni kuchora ramani ya mifereji kwa droni ndogo ya kamera na kipokezi cha RTK (GPS ya kupima kwa sentimita, inayosahihishwa na kituo cha pili). Kuna saa RTK inakataa kushika fiksi (nafasi ya uhakika) hata mbingu ikiwa wazi. Kuna saa simu inatuweka uwanja wa ndege na sisi tuko kartie ya Ndosho. Antena na kebo ni mpya. Nitajuaje kama kipokezi ni kibovu ao mawimbi yanavurugwa? Na kule Ukraine, mbona droni zinaruka tu?

redio_kadutu (Bukavu)
Kaka, acha kununua antena. Setelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu. Mawimbi yake ya L1 (1575.42 MHz) yanafika chini na −128 dBm hivi (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikishuka zaidi chini ya sifuri, ni dhaifu zaidi), dhaifu kuliko kelele ya kipokezi chenyewe. Weka kisambazaji cha wati 1 tu juu ya kilima, kilomita 10, kinachoonana na wewe bila kizuizi: kwako kinafika na −86 dBm. Ni nguvu zaidi ya mara 10,000 kuliko ya setelaiti. Vilima mnavyo, na ziwa halizuii kitu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 juu ya kuvurugwa kwa GPS Kivu Kaskazini. Nani anafanya, hapa tusiandike.

Tia programu ya GPSTest kwenye simu ya Android, simama mahali wazi, soma safu ya C/N0 (nguvu ya kila setelaiti ukilinganisha na kelele). Siku nzuri, setelaiti za juu zinaonyesha 35 hadi 45 dB-Hz. Antena iliyoingia maji inashusha namba hizo kila siku, kila mahali. Mawimbi yakivurugwa, zinaanguka zote kwa mara moja, kisha baadaye zinapanda pamoja. Angalia pia GLONASS (setelaiti za Urusi). Iko karibu na 1602 MHz, kwa hiyo chombo cha bei ndogo kinaweza kuua GPS na Galileo ya Ulaya, zenye frekansi moja, na kuiacha GLONASS. Ikifa nayo, pamoja na L5, frekansi nyingine ya GPS ya 1176.45 MHz, mwenye kufanya ana chombo kikubwa.

Ile ya kukupeleka uwanja wa ndege ni jambo lingine: ni mawimbi ya uongo yenye sura ya setelaiti. Namba zote zinakuwa karibu sawa (za kweli hazilingani, setelaiti iliyo karibu na upeo huwa dhaifu), saa ya GPS inapishana na ya mtandao, na mwinuko unachekesha. Goma iko karibu meta 1,500. Simu ikisema 300, usiamini. Uwanja wa ndege unachaguliwa makusudi, maana droni nyingi za dukani zilikuwa zimefungwa zisiruke hapo. Karibu na Kremlin, Moscow, mwaka 2016 simu zilionyesha uwanja wa Vnukovo. Ukishatoka eneo hilo, futa data saidizi ndani ya GPSTest, kisha iache simu nje: almanaka nzima (ratiba ya setelaiti zote) inachukua dakika 12.5.

lushi_topo (Lubumbashi)
RTK haikusaidii hapo. Masahihisho yanatoka kwenye bezi (kile kituo cha pili kinachosimama mahali pamoja), lakini setelaiti ni zile zile zilizopotea. Rekodi data ghafi pande zote mbili, fanya PPK jioni (masahihisho ya baadaye kwenye kompyuta), kata vipande vibaya. Alama za ardhini zisipungue 5: nne kwenye pembe, moja katikati. Zipime kwa stesheni totali (chombo cha kupima pembe na umbali bila setelaiti) kutoka nguzo za zamani za upimaji. Bezi ikae chini, nyuma ya ukuta ao ndani ya mtaro. Kelele inatoka upande wa upeo, setelaiti ziko juu. Utakosa zile za chini ya digrii 15 ao 20, na hizo hazikuwa na faida kubwa.

Droni ikipoteza GPS inashika kimo kwa barometa, lakini upepo unaisukuma. Kamera za tumboni zinasaidia karibu na ardhi tu. Meta 80 juu hazishiki kitu, na juu ya maji hazifai kabisa. Ubaya mkubwa ni kurudi nyumbani yenyewe: kama nukta ya nyumbani ilishikwa kwa mawimbi ya uongo, inaweza kwenda ziwani. Weka isimame hewani ikikosa redio, na isitoke machoni pako. Badilisha batri ikiwa 40%. Kwa mwinuko wenu hewa ni nyepesi karibu 14% kuliko pwani, mota zinakula zaidi.

redio_kadutu (Bukavu)
Juu ya Ukraine: zile ndogo zinazoongozwa kwa video, nyingi hazihitaji GPS. Mtu anaona kwa miwani na kuongoza kwa mkono. Kwa hiyo vivurugaji vinalenga redio ya amri na ya video: 900 MHz, 2.4, 5.8 GHz. Rubani anahama frekansi, kivurugaji kinamfuata, mchezo wa wiki kwa wiki. Tangu 2024 Warusi wameleta nyingi zenye uzi wa faiba optiki, kilomita 10 na zaidi. Hakuna redio ya kuvuruga. Lakini bobini ni mzigo, na uzi unanasa mitini ao unakatika. Walioumia kwa kuvurugwa GPS ni wenye silaha za gharama: Excalibur, kombora la mzinga wa milimita 155 linalofuata GPS, lilipoteza usahihi mwingi sana.

Kwako wewe droni ya uzi si jibu. Na mwenye bunduki anayetazama juu hajui kama kamera inapima mufereji. Bila karatasi ya ruhusa na bila kuwaambia watu wa kartie, iache kwenye sanduku.

mpimaji_himbi (Goma)
Aksanti sana. Nimesoma sasa: GPS na Galileo ziko chini ya 20, GLONASS 38, BeiDou (setelaiti za China) 36 kwenye frekansi yake ya B1I.

redio_kadutu (Bukavu)
Basi kipokezi ni kizima. Kwenye kipokezi hicho zima GPS na Galileo, bakiza GLONASS na BeiDou. Kwa kutembea na ramani ya meta chache inatosha. Kwa mipaka ya kiwanja, hapana, chukua stesheni totali.